Sura ya Tano: Maji Yasiyo na Zamu

Mama yangu ana zaidi ya miaka sabini ya kuishi na maji, na kabla ya likizo ile ya mwezi wa sita hakuwa amekaa juu yake hata siku moja. Kusimama ndani yake, sawa: tope hadi magotini, mgongo umepinda, miche ya mpunga mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukichomeka mmoja mmoja. Ameyaelekeza kwa jembe, ameyaziba kwa viroba vya udongo, ameyavizia saa nane za usiku kwenye geti la mfereji, tochi imebanwa kwapani. Lakini kupanda chombo, ukakaa kitako, maji yakubebe wewe? Hilo kwake lilikuwa jambo la watu wa pwani. Na la Wazungu.

"Tunakwenda kufanya nini huko?" aliniuliza.

"Kutembea tu, mama."

"Kutembea kwenye maji."

"Ndiyo."

"Na kitalu changu analinda nani?"

Msomaji asiyeijua Mabogini hawezi kuona uzito wa swali hilo. Ukishuka kutoka Moshi mjini kuelekea kusini, dakika chache tu, baridi ya mlimani inakuacha, migomba inakwisha, na mbele yako panafunguka majaruba, kijani kibichi au rangi ya dhahabu kutegemea mwezi. Mpunga huu haunywi mvua. Unakunywa chemchemi za Njoro na mto Rau, kupitia mifereji ya zege iliyojengwa katikati ya miaka ya 1980 kwa mkopo wa Japani. Mradi wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987, ukapimiwa hekta 2,300, na kati ya hizo 1,100 hivi zikawa za mpunga. Mabogini iko juu, Rau ya Kati na Chekereni ziko chini yake. Zikaja powatila, ikaja mbegu ya IR54, fupi, yenye mavuno ambayo wazee hawakuwahi kuyaota, na kwa miaka michache watu wa huku walijiona wameshika ng'ombe pembe.

Kisha mradi ukaumizwa na sifa zake wenyewe. Wakulima wa juu ya mto, waliokuwa nje ya mradi, waliuona mpunga wa jirani ukilipa, nao wakachepusha maji wakalima wa kwao. Huwezi kuwalaumu sana. Mto ulipita kwao kwanza. Lakini maji yaliyofika kwenye mageti ya zege yakapungua, na sehemu kubwa ya mashamba ya chini ikarudi kwenye mahindi au ikalala. Tangu hapo, neno kubwa kuliko yote Mabogini si mbegu wala mbolea. Ni zamu. Zamu yako ikifika usiku, unaamka usiku. Ukichelewa, jirani hakusubiri.

Wala si jambo la jana. Huko mlimani Wachaga walichimba mifongo karne nyingi kabla hajaonekana mhandisi yeyote, mifereji inayoambaa ubavuni mwa korongo kwa maili kadhaa, na kila ukoo ukajua siku yake na saa yake. Mtoto aliyekulia kwenye mfongo hupima maji kwa saa. Mama alizaliwa juu huko, akaolewa huku tambarare, na akili ya mfongo alishuka nayo.

Basi nilikuwa namwomba mtu wa namna hiyo apande mashua kwa starehe.

Wazo lenyewe nililiokota nikiwa mbali. Rafiki mmoja aliyeishi Ufaransa alinionyesha picha za familia iliyokodi boti na kukaa ndani yake juma zima kwenye Canal du Midi, wakipika humo, wakilala humo, wakienda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Mfereji huo una urefu wa kilomita 240 hivi na ulifunguliwa mwaka 1681. Kilichonivutia ni mageti. Wanayo, tena mengi: boti inaingia kati ya milango miwili, maji yanajazwa au kupunguzwa, na chombo kinapanda kilima au kushuka kama mtu kwenye ngazi. Yalijengwa kwa ajili ya ngano na divai. Reli ikaja, mizigo ikahama, mfereji ukabaki hauna kazi, ndipo watu wa likizo wakaurithi. Yale ni maji yaliyostaafu.

Ya kwetu hayajastaafu. Nadhani ndiyo sababu ya kwanza kwa nini huku bara hatuna desturi ya kutembea mtoni na watoto. Si umaskini peke yake, wala si mamba peke yao. Mto wetu uko kazini, na mtu aliye kazini humkalii mapajani.

Nilitandaza ramani mezani kwa mama. Maji yanayopita Mabogini huteremka kusini hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, yakakutana na wenzake, kisha yanatoka kwa jina la Pangani na kwenda mpaka Bahari ya Hindi. Kutoka mlimani hadi baharini ni kama kilomita 500. Binti yetu wa kidato cha pili aliiburuza kalamu kwenye mstari wa bluu. "Baba, si tuanzie tu hapa nyumbani?" Nikamweleza. Mfereji wetu unabeba bata, haubebi mtumbwi. Chini yake kuna mashamba ya miwa ya TPC, yaliyokuzwa miaka ya 1930 na kampuni ya A. P. Møller wa Denmark, nayo yanakunywa. Kuna matete. Kuna ukuta wa bwawa. Chini ya bwawa kuna eneo la kinamasi la Kirua. Chini zaidi kuna maporomoko na mitambo ya umeme. Mto huu mtu wa starehe anaweza kuupanda vipande viwili tu: bwawani, na mdomoni unapoingia baharini.

"Kichwa na mkia," alisema mama. "Kama samaki wa hotelini. Katikati wameshakula wao."

Tulipita Himo, tukashika njia ya Same, tukaiacha lami upande wa Mwanga, na jua lilipochomoza tulikuwa Lang'ata, ukingoni mwa bwawa. Mke wangu, mtu wa Kibosho asiyeamini chochote kinachoelea, alikuwa ameazima maboya matano ya kuvaa kutoka kwa mtu wa mjini, na alituvalisha sote kabla hata hatujashuka kwenye gari. Wachuuzi wa samaki walitutazama kwa huruma.

Kijana mwenye mtumbwi alimwamkia mama, akamshika mkono, akamkalisha katikati, kwenye ubao mpana. Mama akashika ukingo wa kulia na ukingo wa kushoto, akakaza macho mbele. Injini ndogo ikakohoa, pwani ikaanza kurudi nyuma.

Nyumba ya Mungu si ziwa, ingawa linajifanya. Ukuta wa udongo uliuziba mto katikati ya miaka ya 1960, mahali ambapo Kikuletwa, ukibeba maji ya Meru na ya Kilimanjaro upande wa magharibi, hukutana na Ruvu utokao ziwa Jipe. Likijaa, bwawa hufikia kilomita za mraba 140 hivi. Miti iliyokutwa na maji ilifia imesimama, na visiki vyake ndivyo viti vya mnandi, anayekausha mabawa kama mtu aliyeanika koti. Jirani kuna kijiji kiitwacho Kiti cha Mungu. Mwanangu wa darasa la tatu aliona mantiki yake mara moja: mwenye nyumba lazima awe na kiti.

Miaka ya mwanzo samaki walifurika hapa kupita kiasi. Bwawa jipya huwa hivyo. Majani na miti iliyozama huoza, maji yakanona, perege wakazaliana kama walioitwa. Watu wakamiminika na nyavu, vikazuka vijiji pasipokuwa na kijiji. Mavuno yalifika kilele mnamo mwaka 1970, kisha yakaporomoka na hayajarudi pale tena. Serikali imewahi kulifunga bwawa kwa uvuvi ili samaki wapate kupumua. Asubuhi ile tulipishana na mitumbwi ikirejea, na katika mmoja nilihesabu perege ambao wangetosha familia mbili, si zaidi, na kambale mmoja mwenye hasira.

Karibu nusu saa ilipita ndipo mama akaachia mkono mmoja. Muda kidogo baadaye akauchovya majini. Kijana alizima injini akatuacha tuelee, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilielewa kile nilichokuwa nakitafuta: ukimya wa kuwa mahali ambapo hakuna mtu anayekungoja umalize. Upande wa kaskazini wingu lilijifungua, Kilimanjaro ukajitokeza mzima, na kofia yake ya barafu imebaki vipande.

"Kwa hiyo haya ni theluji iliyoyeyuka?" aliuliza mdogo.

Watu wazima wengi wanaamini hivyo, na vitabu vya watalii vimechangia. Ukweli ni kwamba barafu ile inatoa tone tu. Maji ya Pangani yanatoka msituni, kwenye ule mshipi wa miti na ukungu unaouzunguka mlima, panaponyesha mvua nyingi. Yanazama kwenye miamba ya volkano na kuibukia chini kama chemchemi, Njoro ikiwa mojawapo. Barafu ikiisha tutapoteza sura ya mlima. Msitu ukiisha, mama hatakuwa na kitalu.

Alikuwa hasikilizi. Alikuwa anayatazama maji yale, pande zote nne, bila geti wala tuta.

"Haya yote ni ya nani?" alimuuliza kijana.

"Ya TANESCO, bibi," alijibu akicheka. Akafikiri kidogo. "Na ya Bodi."

Hakukosea. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina makao yake Moshi, na ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji kuanzia vijito vya mlimani. Hapo ukutani, shirika la umeme lina mtambo wa megawati 8, na mto mzima chini ya bwawa hupata kile kinachofunguliwa. Mafuriko ya msimu yaliyokuwa yakikinywesha kinamasi cha Kirua yalikwisha bwawa lilipojengwa, nacho kimesinyaa.

"Na nyie wavuvi?"

"Sisi ni wageni wa maji, bibi."

Mama alikubali kwa kichwa. Jibu hilo alilielewa kuliko yote niliyomweleza kwa ramani.

Safari ya katikati, ya barabarani, sitaikawiza. Same ina vumbi, Mombo ina nyama, na Korogwe tuliuvuka mto wenyewe, wa kahawia, una haraka, ukipita karibu na mkonge kama asiyetaka kusalimiwa. Hale tulisimama kununua machungwa. Hapo mto unaanza kuanguka, na kila anguko limefungwa nira: mtambo wa Hale, megawati 21, tangu mwaka 1964, na chini yake Pangani mpya, megawati 68, uliozinduliwa mwaka 1995 kwa msaada wa Norway, Sweden na Finland. Jaruba likikauka Chekereni, taa zikififia Tanga, huenda ni mto mmoja unaolaumiwa mara mbili. Binti yangu alitaka kujua tone moja linaweza kufanya kazi mara ngapi kabla halijafika baharini. Tulihesabu kwenye gari: chemchemi, mpunga, perege, umeme, umeme tena, na tena. Bwawani tulikuwa tumelala juu ya mfanyakazi aliyekuwa mapumziko ya chai.

Pangani mjini tulifika jioni. Mji mdogo, wenye nyumba za Kiarabu zinazobomoka kwa heshima na boma la zamani, na kivuko kinachokwenda Bweni ng'ambo ya pili, pale mto unapokuwa mpana na wa polepole kabla ya kujitosa. Kwa sisi tunaotoka juu ni vigumu kuamini kuwa mji huu ulipata kuwa mlango wa kwetu. Baadhi ya misafara iliyopanda hadi Kilimanjaro karne ya 19 ilianzia hapa. Richard Burton na John Speke walikuja mwezi wa pili mwaka 1857, wakapanda mto kwa mtumbwi mpaka ngome ya Chogwe, lakini kwenda Vuga kwa Kimweri iliwabidi watie miguu njiani. Mto uliwafikisha pale unapofikisha watu hadi leo, ukawashusha.

Asubuhi tulipatana na mzee mwenye mashua. Alimtazama mama akisita kwenye ngazi ya gati.

"Bi mkubwa, karibu. Tunapanda na maji. Maji yanajaa sasa."

"Tunapanda mlima?"

"Tunapanda mto. Bahari inausukuma."

Hili lilimshangaza kuliko chochote. Miaka yote ya maisha yake maji yameteremka. Ndiyo hali yao, na ndiyo msingi wa sheria zote za mfongo, kwamba wa juu ana nguvu na wa chini ana subira. Hapa bahari ilikuwa inayarudisha nyuma maji yetu, kwa saa sita, kisha ingeyaachia kwa saa sita, na hapakuwa na kamati.

"Kumbe hata bahari ina zamu," alisema.

Hakushika ukingo wa mashua. Mikoko ilitupita, mizizi yake imesimama topeni kama vidole vya mtu anayejaribu joto la uji. Mdiria mmoja aliruka mbele yetu kituo kwa kituo, kana kwamba ametumwa. Watoto waliacha kuuliza tutafika lini, na hiyo katika familia yetu ni habari ya kuandikwa kitabuni. Mke wangu alivua boya lake, akalifanya mto wa kichwa, akalala.

Baada ya mikoko ilifuata minazi, na mzee akaelekeza kidole kwenye bonde. Huko palikuwa na miwa, alisema, zamani za Waarabu. Ni kweli. Katikati ya karne ya 19 kingo hizi zilijaa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na sukari ikashuka mtoni kwa mitumbwi mpaka majahazini. Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani na kunyongwa hapa Pangani mwezi wa 12 mwaka 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa yeye mwenyewe. Tunafundishwa shuleni vita yake. Jembe lililomlisha, na nani aliyelishika, havitajwi sana. Nilikaa nikiwaza kuwa mto huu umebeba sukari kwenye ncha zake mbili, TPC kule na mashamba haya huku, kwa karne tofauti na kwa mikono tofauti, na kwamba kitu pekee ambacho haujawahi kubeba kwa wingi ni watu wasio na shughuli.

Mama alikuwa na shughuli. Kila baada ya muda alichovya kidole majini, akakilamba, akatema. Mwanzo nilidhani ni mchezo.

"Chumvi," alisema gatini.

"Chumvi," penye mikoko.

Penye minazi ya kwanza alisita. "Kidogo."

Mzee wa mashua akacheka, akapunguza mwendo. Akamweleza kwamba mwezi huu masika yamepita karibuni, mto una nguvu, unaiweka chumvi mbali. Njoo wakati wa kiangazi, alisema, mto ukidhoofu, chumvi inapanda mpaka huko kwenye mashamba, minazi inaugua, visima vinaharibika. Watu wa mto wanalia kwamba maji matamu yamepungua miaka hii.

"Yamekwenda wapi?" aliuliza mama.

Mzee akanyanyua kidevu kuelekea magharibi, bara, kule tulikotoka. Hakujua anazungumza na nani. Mimi nilitazama mikoko. Mama hakusema kitu. Alichovya tena kidole, akakilamba, na safari hii hakutema.

"Matamu," alisema. "Hapa ndipo."

Mzee akauzima mtambo, tukaelea. Pande zote ilikuwa maji, minazi na sauti ya kunguru. Nilitaka kumwambia mama kwamba huenda baadhi ya maji yale yalipita kwenye jaruba lake mwezi uliopita, lakini nilijua angenijibu kwamba maji yaliyopita kwenye jaruba lake hayakubaki ya kufika popote.

Simu yake ikaita, ndani ya kitenge, ikichimbwa kwa taabu. Alikuwa jirani wa Mabogini. Mama alisikiliza, akaitikia mara tatu, akaitazama saa ya mkononi mwa mjukuu wake.

"Zamu yetu wameisogeza mbele," alisema. "Kesho usiku, saa saba." Akamgeukia mzee. "Baba, bahari inaturudisha saa ngapi?"